Siku ya Kuonyesha Kinu

Hata udongo wa kaburi la mumewe haujakauka, shemeji yake alishazitia mfukoni funguo za kinu cha kusagia mawe ya dhahabu. "Hii mali ya ukoo," alisema. Mjane akaachiwa kazi ya kibarua: kuosha mazulia ya mwalo ambao yeye na marehemu waliupigilia misumari kwa mikono yao. Akaosha, akasubiri.

Mwalo ni mfereji wa mbao wenye mteremko kidogo, umetandikwa mazulia. Tope la mawe yaliyosagwa likipita na maji, dhahabu kwa uzito wake hunasa kwenye manyoya, mchanga ukaenda zake bwawani. Ukizidisha mteremko, maji huondoka na vyote.

Siku moja shemeji akapata watu wa kukinunua kinu. Akaleta mawe yake bora.

"Leo osha kwa adabu, shemeji. Wageni wanataka kuona dhahabu."

"Wataona watakachokiona."

Shemeji alipokwenda kuwapokea wageni getini, mjane alisukumiza mawe mawili chini ya kichwa cha mwalo, akafungulia maji yote.

Kinu kilinguruma. Baadaye, wageni wamemzunguka, akakamua mazulia kwenye beseni, akapepeta kwenye karai. Mchanga mweusi. Akarudia. Mweusi tii.

"Kinu hiki kinakula tu, hakitapiki," mgeni mmoja akacheka. Wakaondoka.

Shemeji alikimbilia bwawani, akachota tope, akalizungusha kwenye karai. Uzi wa njano ukajichora ukingoni. Akamgeukia mjane.

"Umeniua, shemeji."

"Sijakuua. Ungekufa, nani angekiona kinu kikifungwa?"

Moyo wa mjane ulikuwa mweupe. Hakuwahi kulala usingizi mtamu kama wa siku ile.

Habari zikaenea kwamba kinu kinameza dhahabu za watu. Wachimbaji wakapeleka mawe kwingine. Shemeji akauza mota ya kinu, akatokomea bila kuaga, akamwacha mama yake mzazi hana wa kumtazama.

Bibi yule akaja kwa mjane na kifurushi chake.

"Umeniangusha na mimi, mwanangu."

Hilo mjane hakuwa amelipigia hesabu. Likamchoma.

"Ingia, mama. Kitanda kile chako."

"Na shemeji yako? Humwonei huruma hata chembe?"

"Hata chembe. Nawa mikono, nikupakulie."