Hufunguka kwa Mkono Mmoja

Jumatano, saa mbili na robo asubuhi, Mama Gumba alitandika kitambaa cha kijani juu ya meza, akapanga visu vinne vya kukunja, mipini ikimwelekea, kisha akavuta kiti kwa mguu. Alikivuta kwa mguu kwa sababu mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika fomu, na wa kushoto ulikuwa umeshikwa na mumewe.

Mumewe mwenyewe hakuwapo. Alikuwa nchi ya mbali, mwaka wa sita sasa, akifanya kazi kwenye ghala la matairi. Siku ya safari alikaa dirishani mwa basi, mkewe akasimama chini, naye akamshika kifundo cha mkono kwa nguvu, akamwambia asije akapotea. Basi likaondoka. Mkono ukabaki. Kondakta alimsaidia abiria wake kukunja shati upande uliobaki mtupu, akalibana kwa pini, akaendelea kukata tiketi.

Ulikuwa mkono wa kulia, wenye pete, umeishia chini kidogo ya kiwiko bila jeraha lolote. Ulikuwa na joto la kawaida. Mwanamume akikaa karibu na Mama Gumba kwenye benchi, ulitoa jasho. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi wifi yake alikuja kuukata kucha na kuupaka mafuta, na huku akiupaka aliusimulia habari za nyumbani: nani kaoa, nani kajenga, nani kanenepa.

Kabla ya safari ile Mama Gumba alikuwa fundi cherehani. Cherehani haiendi kwa mkono mmoja, basi akaifunika shuka, na baada ya muda masufuria yakapata pa kukaa. Kiwanda cha visu kilimchukua wiki hiyohiyo. Msimamizi alimtazama, akautazama na ule mkono, akafurahi waziwazi. Kwenye maboksi yake paliandikwa HUFUNGUKA KWA MKONO MMOJA, na wajaribu wote aliokuwa nao walikuwa waongo: ukigeuka tu, mkono wa pili umeshaingia kusaidia.

"Huyu hata akitaka kunidanganya, hawezi," alisema.

Kazi yenyewe ilikuwa kufungua na kufunga, mara hamsini kila kisu, kisha kulinganisha. Kisu cha kwanza kilikuwa na kinundu kwenye bapa, kile chuma chenye makali. Gumba hukisukuma kwa mzunguko, si moja kwa moja, na baada ya siku nzima ngozi huchubuka. Cha pili kilikuwa na tundu la mviringo badala ya kinundu, gumba huzama humo na kulivuta bapa nje taratibu, hata ukivaa glavu. Cha tatu kilikuwa na kijimkia kilichochomoza mgongoni. Ukikivuta kwa kidole cha shahada, bapa huruka lenyewe, *tak!*, na jirani yako hukuchukia. Cha nne kilikuwa na kitufe na springi, na springi ndiyo iliyofanya kazi yote. Kwenye fomu, sehemu ya sifa za kisu hicho, Mama Gumba aliandika: "Mvivu yeyote ataweza."

Lakini kufungua hakukumsumbua mtu. Watu walikatwa vidole wakati wa kufunga. Ndani ya mpini mna utepe wa chuma unaoruka na kusimama nyuma ya bapa, na ukishasimama pale bapa halirudi hata ulibembeleze. Sharti gumba lijue mahali pa kubonyeza. Gumba la Mama Gumba lilijua, ndiyo maana akaitwa hivyo, ingawa hakuwa na mtoto wa jina hilo wala wa jina lolote.

Jumatatu ya wiki ile Bi Sindano, mwenye karakana ya sare upande wa pili wa barabara, alimsimamisha getini.

"Mwanangu, nakukumbuka. Kola zako zilikuwa zinasimama kama zimeitwa na mwalimu mkuu. Wangu hawa wananishonea kola zimelala kama wagonjwa."

"Siku hizi ni visu tu, Bi."

"Nina sare mia tisa na kiti kimoja kitupu. Nakuwekea hadi Ijumaa."

"Na hili je?" Mama Gumba aliinua mkono wa kushoto, na ule mwingine ukainuka nao.

"Njoo na mikono miwili. Utakavyoipata si shughuli yangu."

Jumatano, kabla ya chai, alikuwa akiandika juu ya utepe wa kisu cha kwanza: "Gumba liubonyeze kwa ndani, liusukume kando, bapa litalegea." Aliisoma sentensi mara mbili, kisha akautazama mkono wa mumewe. Uling'ang'ania vilevile kama siku zote, gumba juu ya vidole, na chini ya lile gumba msuli mmoja ulikuwa umesimama, umekaza, kama utepe. Miaka sita aliuona kila siku.

Aliubonyeza kwa gumba lake la kulia, akausukuma kando. Mkono ukaachia, *tak*, ukalala chali kwenye kitambaa cha kijani.

Kwa mazoea akaandika: "Nguvu: kidogo. Muda: sekunde mbili."

Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekonda, na pale kwenye kifundo alama za vidole vitano zilikuwa zimefifia rangi kama majani yaliyofunikwa na beseni. Aliuchezesha. Uliangusha penseli mara tatu, mara ya nne ukaishika. Akaukunja mkono wa mumewe ndani ya kitambaa, akautia mkobani, akaomba ruhusa ya mchana.

Kwa Bi Sindano alipewa kiti na vitambaa viwili. Kola ya kwanza ilipinda. Ya pili ilisimama. Bi Sindano aliigusa kwa ncha ya kidole, ikarudi mahali pake yenyewe, naye akacheka kwa raha kama mtu aliyeona gari lake lililopotea. Halafu macho yake yakashuka kwenye kifundo.

"Na mkono wa bwana?"

"Uko mkobani."

"Nani kauachisha?"

"Mimi. Una mahali pa kubonyeza."

Bi Sindano akaiweka kola mezani. "Basi niletee karatasi ya wakwe zako kwamba wamekuachia. Wateja wangu watu wa heshima zao. Mwanamke asiyeshikwa na mtu nitamkalisha wapi humu?"

"Ulisema mikono miwili, Bi."

"Nilisema, na ninaiona, mizuri tu. Sasa naomba karatasi."

Jioni ile wifi yake, habari zikiwa zimeshamfikia, alimkuta akianua nguo. Hakupiga kelele. Aliingia ndani, akautoa ule mkono mkobani, akauweka juu ya sinia, akaleta mafuta, na huku akiupaka akaibana simu kati ya bega na sikio na kumpigia kaka yake. Simu ilipokelewa na mwanamke.

"Anaoga? Haya, akitoka mwambie mkono wake uko salama, tunao sisi." Akakata.

"Nani huyo, wifi?" Mama Gumba aliuliza.

"Mpokea simu."

"Kila mara tukipiga anaoga."

"Mtu mwenye mkono mmoja, wifi yangu, mgongo atajisugua vipi? Lazima apate wa kumsaidia."

"Na mimi nina mkono mmoja. Miaka sita sijasuguliwa mgongo."

Wifi aliacha kupaka. Alifikiri kwa dhati, maana hakuwa mtu mbaya. "Kweli," alisema. "Hilo kweli kabisa." Kisha akaendelea kupaka, kidole kwa kidole.

"Nataka karatasi tu. Mnipe karatasi, nikashone."

"Tukikupa karatasi, huu tuuweke wapi? Kabatini? Si utasinyaa! Kaka akirudi avae nini?" Aliupangusa mafuta ya ziada kwa ncha ya kanga yake. "Lakini hatutaki usikie tunakuonea. Miaka sita umeshikwa kushoto. Leo chagua mwenyewe. Wapi?"

Mama Gumba aliitazama mikono yake, kiganja na kiganja, juu ya magoti. Wa kulia ulikuwa mnene, wenye gumba gumu lililojua kila kifungo. Wa kushoto ulikuwa bado na zile alama, na jua la dirishani lilikuwa limeangukia hapo hapo, kwenye kifundo. Ulikuwa umekaa nje nusu siku tu.

Akanyoosha wa kulia.

Vidole vilifunga kimoja kimoja, vikianza na kile kidogo. Gumba likaja mwisho.

"Umekukaa vizuri," wifi alisema. "Kuliko hata upande ule."

Ijumaa msimamizi alisimama mbele ya meza ya kijani. "Wa kulia sasa?"

"Wa kulia."

"Safi sana! Wateja wanaotumia kushoto wananipigia kelele kila siku, na mjaribu sijawahi kupata." Akaenda mwenyewe kumletea fomu mpya.

Wakati wa chai, wenzake walipotoka, alitafuta ule msuli kwa gumba la kushoto. Aliupata. Lakini safari hii gumba lake lilitokea upande wa nyuma, na kila alipousukuma, mkono ulikaza zaidi. Alijaribu mara hamsini, kama ilivyo utaratibu. Kisha akavuta fomu akaandika, kwa herufi zilizolala kila moja upande wake:

"Kinundu: kiko upande mmoja tu, gumba la kushoto halikifikii. Tundu: limepenya pande zote, halijali. Mkia: unafaa. Kitufe: kwa shida. Kufunga, vyote vinne: utepe umetengenezwa usukumwe na gumba la kulia. Ukisukumwa kwa la kushoto, hukaza."

Msimamizi alisoma, akasema mwandiko utakuja kukaa sawa, akagonga muhuri. Upande wa pili wa barabara Bi Sindano alikuwa ameitundika dirishani ile kola ya pili, iwe mfano kwa fundi mpya aliyemchukua adhuhuri hiyo.

Wiki iliyofuata yalikuja maboksi mapya, yameandikwa HUFUNGUKA KWA MKONO WOWOTE. Yalifika yamelazwa, yakiwa yanasubiri kukunjwa. Mama Gumba alikunja mia mbili kabla ya chai, kwa mkono wa kushoto, na alipofika la mia mbili na moja ulikuwa hauangushi tena kitu.