Mstari wa Buluu

Lori la maji lilikuwa limeegeshwa kivulini uani mwa karakana, na fundi rangi alikuwa amechuchumaa nyuma ya gurudumu akichokoa doa la kutu kwa ncha ya bisibisi. Alichokoa, akapiga msasa, akafuta vumbi kwa kitambaa chenye thina ya kuyeyushia rangi, akapaka rangi ya chini. Ilipokauka akadondoshea rangi ya buluu kwa njiti ya kiberiti. Njiti, si brashi. Doa dogo ukilipaka kwa brashi huacha uvimbe, na uvimbe ni aibu ya fundi.

Karakana ile ilikuwa na sheria. Doa lisilozidi ukucha wa dole gumba, lipakwe. Likizidi ukucha, tangi lifunguliwe, likaguliwe ndani. Ilikuwa sheria nzuri, wala hakuna aliyewahi kuivunja. Doa likizidi, meneja alikuja mwenyewe na kibrashi chembamba, akapiga mstari wa buluu katikati. Doa moja kubwa likawa mawili madogo.

"Haya, yapo ndani ya sheria," alisema, akijifuta vidole.

"Na tangi, bosi?"

"Tangi lina nini? Paka."

Fundi akapaka. Mwanzoni alikuwa akipaka huku ananung'unika. Siku hizi alipaka kimya.

Jioni hiyo alimkuta mama yake jikoni akijisugua kifundo cha mkono kwa waya wa kusugulia sufuria. Juu ya mfupa palikuwa na doa la kahawia, limejipinda kama harage. Fundi alilitambua. Ni lile la nyuma ya gurudumu, alilolipaka asubuhi.

"Mama, hiyo ni kutu."

"Najua ni kutu. Au ulidhani uzee unachafua waya?" Mama akamwonyesha waya, ulikuwa mwekundu. "Si wewe fundi? Lete msasa. Na usiniletee ule mkavu wa magari. Mimi mama yako, si bampa."

Akamletea ule laini wa maji, akamsugua nao taratibu, akakausha, akapaka. Mama akaunyoosha mkono dirishani, akasema buluu inampendeza, ila harufu ya thina imemharibia chakula.

Kabla wiki haijaisha majirani wakaanza kuja. Muuza mkaa alikuwa na doa shavuni, mshona nguo alikuwa nalo gotini, na dereva wa lori mwenyewe lilimtokea sikioni. Wote walikunywa maji ya tangi lilelile, kwa sababu mtaa haukuwa na maji mengine. Wakajipanga barazani, na fundi akawapitia mmoja mmoja na njiti yake.

"Fundi, mie nipake mwili mzima," dereva akasema. "Kisha niandikeni namba mgongoni, nianze kubeba maji mwenyewe. Lile gari limechoka."

"Wewe utabeba nini na hicho kitambi?" mshona nguo akamuuliza. "Ukitoboka tutafurika."

Watu wakacheka. Fundi akachovya njiti tena.

Kisha mama akatokwa na doa kifuani, pana kama kiganja. Kila akivuta pumzi lililia kama bawaba ya mlango mkongwe. Fundi akamgonga mgongoni kwa kifundo cha kidole, kama agongavyo bati kabla ya kulipaka, na sauti iliyorudi ilikuwa nyembamba. Bati likitoa sauti ile limekwisha kwa ndani. Rangi ni kulivika tu nguo ya mazishi. Akaweka njiti chini. Akamshika mama yake mkono, wakaenda ofisini.

Mama akafungua vifungo viwili. Meneja akavaa miwani, lakini akaanza na kifundo cha mkono.

"Rangi imekubali vizuri. Nani kachanganya?"

"Bosi, fungua tangi."

"Kesho wageni wanakuja kupiga picha na gari. Leo nifungue tangi, mtaa ukose maji? Unataka mama yako afe kwa kiu?"

"Kiu naijua, baba," mama akasema. "Hii si kiu."

Meneja akavuta droo, akatoa kile kibrashi chembamba. Akampiga mama mstari wa buluu katikati ya kifua, mnyoofu kabisa.

"Haya. Yapo ndani ya sheria."

Fundi alimfunga mama yake vifungo.

Wageni walipofika, fundi alikuwa amekwisha kupanda juu ya gurudumu na mashine ya kukatia chuma. Hakusalimia mtu. Akakata ubavu wa tangi palepale penye maneno MAJI SAFI, na mashine ikapita kama kisu ndani ya ndizi, kwa maana chuma hakikuwapo. Kilikwisha kuliwa zamani. Kilichokuwa kimeshika maji ni rangi aliyoipaka fundi mwenyewe, tabaka juu ya tabaka. Maji mekundu yakamwagika juu ya viatu vya wageni.

Wageni wakakung'uta viatu, wakahamia upande wa pili ambako jua lilikuwa zuri zaidi, wakapiga picha.

Meneja akainama, akachungulia.

"Hili ni shimo," akasema. "Sheria ni ya kutu. Kuhusu shimo haisemi neno."

Tangi likapigwa kiraka cha bati. Fundi akakataa kukipaka, basi meneja akakipaka mwenyewe, kikajaa uvimbe.

Fundi aliporudi nyumbani, mama alikuwa amekaa jikoni, kifua kimetoboka. Kupitia shimo lile zilionekana sahani zilizopangwa rafuni nyuma yake. Alikuwa akinywa maji, na maji yalimchuruzika tumboni.

Asubuhi honi ya lori ikalia mtaani. Mama akachukua ndoo.

"Usiende, mama."

"Nionyeshe pengine, niende huko." Akaiweka ndoo chini, akafungua vifungo. "Niwekee kiraka, nisilowe mbele za watu. Lakini mstari sitaki."

Fundi akakata kipande cha bati, akakiweka, akapiga msasa, akapaka buluu. Kiraka kilitoka laini, hakina uvimbe hata kidogo, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Honi ikalia tena. Mama akafunga vifungo, akachukua ndoo, akaenda kupanga foleni.