Chakula cha Wapendanao Kwenye Duka la Fanicha

Shemeji yangu Wiebren alipoteza kazi kiwanda cha mashua kilipofungwa, lakini mahaba hakuyapoteza. Bahati mbaya iliyoje kwa dada yangu Jorinde.

Siku ya kutimiza miaka kumi ya ndoa alimwambia, "Vaa lile gauni la buluu, mke wangu. Leo tunakula nje."

Jorinde akaazima viatu vyangu vya kisigino. Wiebren akampakia nyuma ya baiskeli, wakatoka nje ya mji wetu wa Leeuwarden, Uholanzi, huku upepo na manyunyu vikiwachapa mgongoni. Hoteli yenyewe ikawa duka kubwa la fanicha.

Wiebren alimpeleka moja kwa moja kwenye meza ya maonyesho: mishumaa ya plastiki, maua ya plastiki, sahani zilizogundishwa mezani kwa gundi. Akamvutia kiti kama bwana mkubwa, akatoa chupa ya chai iliyojaa supu nzito ya njegere.

"Mhudumu yuko wapi?" Jorinde akauliza.

"Ndiye mimi."

"Basi niletee mume mwingine. Huyu ameharibika."

Wakanywa kwa zamu kwenye kifuniko cha chupa, maana sahani hazikubanduka. Jorinde alisifu kila kitu: mishumaa isiyochoma, upepo wa kiyoyozi, wateja waliopita wakibonyeza makochi na kuwakodolea macho. Wiebren alitabasamu, ila masikio yalimwiva.

Mara akaja muuzaji, mwanamke mwenye beji kifuani. "Samahani, hapa si mahali pa kula."

"Tunaijaribu meza," Wiebren akasema.

"Kwa supu?" Muuzaji akamgeukia mteja aliyekuwa karibu, akacheka. "Wanaume wengine hawana haya. Masikini mama wa watu."

Jorinde akaweka kifuniko chini taratibu. Amemkejeli mumewe tangu siku ya harusi, na kazi hiyo hajawahi kumgawia mtu.

"Dada," akasema, "huyu ameamka alfajiri kunipikia, akanibeba kwenye mvua. Wako leo amekubeba wapi?"

Muuzaji akaenda kumwita mlinzi. Mteja akajikuta ana shughuli na mito.

Walitolewa, bila shaka. Mapenzi hayajawahi kumshinda mlinzi wa mlangoni. Wakasimama kwenye kibanda cha vitoroli vya wateja, mvua ikipiga bati.

"Na kitu kitamu cha kumalizia kiko wapi?" Jorinde akadai.

Wiebren akatoa mfukoni herufi ya chokoleti, moja ya zile ambazo watu hupeana sikukuu ya Desemba, kila mtu herufi ya jina lake, na ambazo baadaye huuzwa nusu bei. Ilikuwa Q.

"Q ndiye nani? Una mwanamke?"

"J zilikwisha," Wiebren akajibu kwa sauti ndogo. "Nilitaka kukununulia kitu cha maana, Jorinde. Nimeshindwa."

Dada yangu akamtazama. Akakikata kwa meno kile kimkia cha Q, akamwonyesha kilichobaki. "Sasa ni O."

"O ya nini?"

"Ya 'ole wako ukinileta hapa tena.'" Kisha akambusu, mdomo umejaa chokoleti, mbele ya wateja na vitanda vyao vya kuunganisha.

Kurudi, upepo ulikuwa wa mbele na Wiebren miguu imekwisha. Niliwaona dirishani kwangu wakipita: dada yangu anakanyaga pedali, gauni la buluu limekunjwa kiunoni, na bwana harusi yuko nyuma, amemkumbatia, shavu limelala mgongoni mwake.