Uzi Mweupe Mgongoni

Mluzi ndio uliotangulia. Miwili mifupi, mmoja mrefu unaopanda juu, kisha kimya, kama mtu aliyekumbuka ghafla kwamba amechelewa.

Dobi aliusikia akiwa ameinamia meza, pasi mkononi. Kabla akili haijasema neno, miguu ilikuwa imeshamfikisha mlangoni. Akatazama barabara kushoto, akatazama kulia. Muuza mikate alikuwa anapita na baiskeli yake, midomo ameichongoa, hana habari na mtu. Alikata kona akaenda zake na mluzi wake.

"Siye," Dobi alisema, kana kwamba kuna aliyemuuliza.

Ndipo pua ilipomwita ndani. Pasi alikuwa ameiacha imelala juu ya shati la kaki. Aliinyanyua mbio, lakini moto hauna subira. Kwenye mfuko wa kushoto, chini kidogo ya kifungo, palikuwa na alama ya kahawia yenye ncha, kama jani lililokauka. Miaka thelathini na moja ya kazi hii hajawahi kuunguza nguo ya mtu, na ya kwanza kuiunguza ikawa sare ya polisi! Nani angemwamini kwamba hakukusudia?

Mluzi ule ulikuwa wa mwanawe. Si huo wa muuza mikate, bali wa namna ile ile, miwili mifupi na mmoja mrefu. Mtaa mzima ulimwita Mluzi mpaka jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye vyeti tu. Alikuwa fundi redio. Jioni akishafunga kibanda chake alianza kuupiga tangu mbali, na baba yake, bila hata kuinua kichwa, alikuwa anajua ni wakati wa kuteleka chai. Mtu anayengojewa hivyo miaka na miaka haachi kungojewa kwa sababu tu amezikwa. Miezi minne sasa, na birika bado lilikuwa linapanda jikoni jioni, na vikombe bado vilikuwa viwili.

Askari watatu walimfuata kibandani mchana wa jua kali, wakidai kuna redio ya wizi ameificha. Alipotoka kibandani alikuwa anatembea kwa miguu yake. Alipofikishwa kituoni alikuwa maiti. Karatasi ya polisi ilikuwa na maneno machache ya kuuma: alikataa kukamatwa, akaanguka mwenyewe, akakata roho njiani. Walikuwepo watu barabarani walioona jinsi alivyolazwa chini, lakini walipoulizwa, kila mmoja ikawa saa ile alikuwa anafunga kamba za viatu vyake.

Aliyesema ni binti yake Dobi, dada mkubwa wa marehemu. Alikuwa muuzaji katika duka la dawa, na tangu utotoni nyumbani walimwita Wakili kwa sababu hata adhabu yake ya kuosha vyombo aliikatia rufaa. Alibisha hodi kila ofisi mpaka hakimu akafungua uchunguzi wa kifo. Vikao vilikuwa vimeshafanyika vitatu. Vyote vitatu alikaa benchi la mbele peke yake. Baba yake kila mara alisema ana nguo za watu.

"Hodi! Mzee, leo umenipikia nini? Nanusa moshi mpaka barabarani."

Alikuwa Koplo, mwenye ile sare. Mtu mnene, mcheshi, mteja wa miaka kumi na mitano.

"Nimekupikia mfuko wako wa kushoto, afande," Dobi alimjibu, akamwonyesha. "Nisamehe. Nitakuwekea mwingine."

Koplo aliliinua shati kwenye mwanga, akaguna, akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Juu ya moyo kabisa! Mke wangu atataka kumjua huyo mwanamke aliyeniwashia moto kifuani. Nitamwambia ni mzee mwenye ndevu, hataamini."

Dobi alitabasamu nusu. Kumchukia Koplo kulimshinda. Hakuwa mmoja wa wale watatu, yeye alikuwa karani wa daftari la malalamiko, na siku ya mazishi alikuja bila sare akasimama nyuma kabisa, kofia mkononi, hakuaga mtu. Lakini kila alipoleta nguo zake, Dobi alizishika kama mtu anayeshika chungu cha moto kwa mikono mitupu.

Kivuli kiliingia mlangoni. Wakili alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, koti jeupe mkononi, bahasha kwapani. Alimwona Koplo akasimama kizingitini. Baba yake akakohoa kidogo.

"Habari za kazi, afande," Wakili akasema, kwa sauti ya mtu anayelipa faini.

"Nzuri, binti yangu. Za dukani?"

"Za dukani nzuri. Kesho wenzako wanapanda kizimbani. Mmeshawafundisha cha kusema?"

"Aa, mimi mtu wa daftari. Sikuwepo."

"Hakuna aliyekuwepo. Hata waliokuwepo hawakuwepo."

Koplo aliweka shati mezani. Mzaha ulimtoka usoni. "Nikwambie kitu, usikasirike. Kumkamata mtu si kama kuhesabu vidonge. Mtu hataki pingu, anarusha mikono, hujui kiunoni ana nini. Muda ulio nao ni wa kupepesa jicho. Ukikosea, kesho unalia wewe au analia mkeo. Mimi nimebeba majeneza ya wenzangu wawili. Kwa mabega haya."

"Poleni. Nasema kwa moyo, si kwa mdomo." Wakili alivuta kigoda lakini hakukaa. "Tena hapo sina ugomvi nawe. Mtu akirusha ngumi, mzuie. Akikimbia, mfukuze. Lakini mdogo wangu alikuwa ameshatiwa pingu, afande. Mikono nyuma, uso kwenye lami. Mtu wa hivyo anamtisha nani? Nguvu inayokuja baada ya pingu si ya kukamata. Ni ya kukomoa."

"Nani amesema kuna nguvu ilikuja baada ya pingu?"

"Daktari ameandika alikosa pumzi."

"Kukosa pumzi kuna sababu mia."

"Nitajie moja inayomkuta kijana wa miaka ishirini na saba aliyelala kifudifudi chini ya wanaume watatu."

Koplo alipangusa jasho. "Binti, sheria haiendi kwa uchungu. Sisi tukishtaki mwizi mnatudai ushahidi, na mnafanya vizuri. Basi nasi mtudai kwa ushahidi. Askari anavaa buti, na buti lina alama. Kama kuna buti lilipanda mgongo wa yule kijana, shati lake lingesema."

"Basi kesho litasema." Wakili aliitoa bahasha kwapani akaiweka juu ya meza ya pasi. "Hakimu ameliagiza. Daftari la hospitali linasema nguo za marehemu alikabidhiwa baba mzazi. Baba, shati la mdogo wangu liko wapi?"

Dobi alikuwa anakunja taulo ambalo lilikuwa limeshakunjwa. Alilikunjua, akalikunja tena.

"Lipo," alisema. Halafu, kwa sauti ya chini, "Njoo ndani, mwanangu."

Chumba cha nyuma kilijaa nguo za watu zilizotundikwa, kila moja na kipande cha kitambaa chenye namba. Mwisho kabisa, karibu na dirisha, lilining'inia shati moja la buluu lisilo na namba. Wakili alilifikia kwa hatua tatu, akaligusa kola, akausimamisha mkono wake hapo hapo. Kola ilikuwa ngumu kwa wanga. Mikunjo ya mikono ilikuwa imenyooka kama imepigwa kwa rula.

"Baba. Limefuliwa."

"Ndiyo."

"Limepigwa pasi."

"Kila Jumamosi," alisema Dobi. Jumamosi ndiyo siku ambayo Mluzi alipenda kutoka, na hakuwahi kutoka na shati lenye kunyanzi.

Akamweleza akiwa ameshika nguzo ya mlango. Jinsi walivyompa mfuko wa plastiki chumba cha maiti, na yeye akaja nao moja kwa moja mpaka kwenye beseni. Hakukaa, hakuvua hata koti. "Sikufikiri. Mwanangu hajapata kuvaa nguo chafu kutoka nyumba hii. Mikono ilikwenda yenyewe. Nilipomaliza kusuuza ndipo nikakumbuka kulinusa." Akaitazama ile kola. "Nikalinusa. Likawa linanukia sabuni."

Wakili alikuwa anamtazama kama mtu aliyepanda ngazi gizani akakuta kidaraja kimoja hakipo.

"Miezi minne," alisema. "Miezi minne natafuta nani anafuta, nani anaficha, nani amemhonga nani. Kumbe umewafulia wewe, baba! Umewafulia, ukawanyooshea na pasi!"

Yangekuwa makofi angeyastahimili. Dobi aliinamisha kichwa, akangoja neno lile limpite, halikupita. Kisha akasema, "Ligeuze."

"Nigeuze nini?"

"Shati. Tazama mgongo."

Aliligeuza. Mgongoni, katikati ya mabega, kulikuwa na mshono wa uzi mweupe, wa mkono, wa hatua ndefu, ule wa kushikiza tu. Haukuunganisha kitu na kitu. Ulizunguka mahali patupu, safi. Ulianza kama kiganja na nusu kwa urefu, umeviringika upande mmoja na kukatika wima upande wa pili. Chini yake nafasi ya vidole viwili, halafu nusu duara ndogo.

"Doa likilowa halionekani," Dobi alisema. "Kwa hiyo kabla sijaloweka nguo, nalizungushia uzi, ukingo kwa ukingo. Uzi ndio macho yangu ndani ya beseni. Bwana aliyenifundisha kazi alifanya hivyo, nami ndivyo nifanyavyo, hata kwa kitambaa cha meza."

"Lakini huwa unazitoa hizi nyuzi. Sijawahi kuona nguo inatoka hapa na uzi."

"Nazitoa siku mwenyewe anapokuja kuichukua."

Nje mtu alipita akiburuta mkokoteni, ukapita wote.

"Hakuja," Dobi akasema.

Wakili alikaa juu ya furushi la mashuka. "Lilikuwa doa la nini?"

"Rangi ya viatu. Nyeusi. Ilinichukua mafuta ya taa mara tatu. Naijua sana, kila wiki naitoa kwenye pindo za suruali za kaki."

"Wakati ule hukujua?"

"Mikono ilijua. Mimi nilikataa kujua."

Mbao za sakafu zililia. Koplo alikuwa amesimama kwenye mlango wa kati, kofia mkononi kama siku ile ya mazishi. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu lini. Macho yake yalikuwa kwenye shati, na uso wake mnene ulikuwa umelegea.

"Afande," Wakili alisimama. "Unazijua nyuzi za baba?"

"Nazijua." Akajaribu kucheka. "Mwaka fulani alisahau moja kwenye suruali yangu. Gwaride zima liliniona na duara jeupe makalioni. Waliniita Shabaha miezi sita."

"Basi kesho njoo umwambie hakimu. Useme hii ndiyo kazi yake, hakuanza jana."

Koplo alitazama chini. Alikuwa amevaa buti zake, zinang'aa. "Nimebakiza miaka miwili nistaafu, binti yangu."

"Sijakuuliza umri."

Koplo alirudi kwenye chumba cha mbele, wakamsikia akilikunja lile shati la kaki lenye jeraha, vibaya, kama wanaume wanavyokunja. Kisha hatua zikafika mlangoni, zikasimama.

"La kulia," sauti yake ilisema kutoka kule. "Hilo ni buti la mguu wa kulia." Halafu hatua zikashuka ngazi.

Wakili alilitundua shati, akalitandika mezani juu ya gazeti. Alilikunja taratibu, mgongo juu, asije akaukata hata uzi mmoja. Baba yake alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, mikono ikining'inia. Ilikuwa ni mara ya kwanza Wakili kuiona mikono ile haina kazi.

"Wakishalipokea, baba, huenda lisirudi. Vitu vya mahakama hukaa kabatini mwao miaka. Vingine hupotea."

"Najua."

"Na watakubana. Wale mawakili wao watakuuliza mbele ya watu nani alifuta ushahidi. Watasema nyuzi umezishona juzi. Watasema unatafuta pa kutupia aibu yako. Naweza kulipeleka peke yangu, nikasema nimelikuta hivi."

Dobi aliliangalia shati lile. Jumamosi ilikuwa imebaki siku mbili. Aliwaza atafanya nini saa ya pasi ikishapata moto, na meza mbele yake iko tupu. Akainama, akaweka uso wake kwenye kitambaa, akavuta pumzi ndefu. Wanga. Wanga na sabuni, basi. Kijana hakuwamo. Alikuwa amemtafuta humo miezi minne, kila wiki, kwa chuma cha moto, akidhani akinyoosha vizuri zaidi atamkuta.

Akainuka. Akalifunga gazeti kwa kamba, mafundo mawili, akalisukuma upande wa binti yake.

"Lichukue. Na kesho nafunga duka," alisema. "Nitakaa benchi la mbele, ubavuni mwako, na wakiita jina la baba wa marehemu nitasimama. Nitawaambia kwa mdomo wangu: nilifua mimi, na hiki ndicho nilichokifua. Wakicheka, wacheke. Wakiniuliza mara kumi, nitajibu mara kumi. Hukai tena peke yako mle ndani, mwanangu. Nakuahidi."