Kina Masazo

Fundi cherehani alikuwa akitia vifungo kwenye sare ya shule redio ilipomtaja kaka yake. Mwenye duka la dawa amekamatwa, mtangazaji alisema, kwa kuuza dawa ya kikohozi aliyoichanganya mwenyewe uani kwake, na watoto walioinywa wamekufa. Kisha akalisoma jina, polepole, kama mtu anayetafuna kitu asichokijua: Masazo.

Lingekuwa jina la watu wengi, fundi angejificha humo. Lakini kina Masazo, hata ukiwakusanya wote na vichanga vyao, hawajazi sebule. Walitoka kwa mtu mmoja, babu wa babu yao, ambaye ndui ilifagia nyumba yao nzima ikambakiza yeye. Watu waliogopa kula naye. Walimwekea sahani mlangoni na kumwita masazo, kama makombo yaliyobaki baada ya wenyewe kushiba. Naye alikuwa mkaidi. Alipooa akawapa wanawe jina lilelile. Tangu hapo ukikutana na Masazo, popote pale, huna haja ya kuulizia ukoo. Shuleni wenzake walimtania, "Leo mmetusazia nini?" na fundi alikuwa akicheka.

Binamu yake, dereva wa lori, alikuja na ngazi kukishusha kibao cha duka la fundi, chenye jina la Masazo.

"Mimi nimeshaenda kwa wakili," alisema. "Nabadilisha jina, na wadogo zangu wote wanabadilisha. Wewe unangoja nini, dada?"

"Nangoja wenye nguo zao waje wazichukue."

"Watakuja kukuchoma moto."

Hawakumchoma. Walikuja mmoja mmoja, wakachukua vitambaa vyao hata vile ambavyo havijakatwa, wakaenda zao bila salamu. Wa mwisho alikuwa mama mmoja aliyesimama kizingitini, macho yamemvimba. Fundi alimjua. Sare ya mwanawe ilikuwa tayari, imetundikwa ukutani.

"Wewe ni nani wake?" mama akauliza.

"Dada yake. Tumbo moja."

"Ulijua?"

"Sikujua, mama."

Yule mama akaishusha sare mwenyewe, akaipima kwa viganja kiunoni.

"Ipunguze hapa," alisema. "Alikonda sana siku zile za mwisho. Kesho wananipa maiti yake, nataka imkae vizuri."

Fundi akaketi. Uzi ukamkatikia mara kwa mara, naye akarudia. Mama hakutoka wala hakukaa. Alisimama pale pale akiitazama sindano ikipanda na kushuka hadi kazi ilipokwisha, akaikunja sare chini ya kwapa, akaondoka.

Jioni ile fundi alipanda ngazi aliyoiacha binamu, akakishusha kibao. Wiki iliyofuata alimpeleka binti yake kwa wakili, akapewa jina la ukoo wa baba yake, mtu ambaye mtoto hakuwahi kumwona.

Kisha akaenda gerezani. Askari wa langoni alikisoma kitambulisho chake, akamtazama usoni, akafungua. Hakuuliza anamtembelea nani.

Kaka yake alikuwa ameisha, shingo imebaki kama ya kuku.

"Mama yetu anasemaje?"

"Mama hasemi kitu siku hizi."

"Na wale wengine?"

"Wamebadilisha wote. Hata mwanangu."

"Wewe je?"

"Bado."

"Usiwe mjinga. Badilisha."

"Nikibadilisha, ukifia humu watamwita nani aje akuchukue?"

Kaka akaziba uso kwa viganja, mabega yakaanza kumcheza. Fundi alikuwa amekusudia kumuuliza kwa nini. Njia nzima alikuwa amelishika hilo swali. Sasa aliona kwamba hakuna jibu ambalo angeweza kulipeleka kwa yule mama, akaliacha. Hakumbembeleza. Askari alipogonga meza kuashiria muda umekwisha, alisukuma kipande cha sabuni na dawa ya meno upande wa pili, akainuka.

"Nitarudi mwezi ujao," alisema.