Mtambo Unaosubiri Kidole

Kiwanda chetu cha sabuni kilikuwa na sheria moja isiyoandikwa popote: pipa la kuchanganyia husafishwa umeme ukikatika. Umeme ukiwepo, ni kazi tu. Kwa hiyo taa zilipozimika asubuhi ile, nilichukua kikwaruzo na tochi nikajipenyeza ndani ya pipa kupitia kidirisha chake, nikaanza kubandua sabuni iliyogandia mapanga ya kukorogea.

Humo ndani mtu hatulii. Unakwaruza, unasikiliza. Unakwaruza, unasikiliza. Ni humo mwenzetu tuliyemwita Mshona Magunia alimoacha mkono wake mwaka juzi, umeme uliporudi bila hodi. Ofisi ikasema ni uzembe. Wao wamesahau. Mimi sijasahau, na sina mpango wa kusahau.

Zamani pipa lilikuwa na vitufe viwili. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ndiye fundi umeme wa kiwanda, na aliwahi kunieleza tukiwa jikoni kwangu: ukibonyeza cha kijani, kontakta, ile swichi ya sumaku, inavuta na kujishikilia yenyewe, mota inazunguka hata ukitoa kidole. Umeme ukikatika, inaachia. Ukirudi, mota haijiwashi. Inasubiri kidole tena.

Msimamizi wetu, tuliyemwita Twende-Twende, akaona kidole kinamchelewesha. Akaleta watu wa nje wakafunga swichi ya kugeuza, inayobaki pale ulipoiacha, kwenye kila mashine. Umeme ukirudi tu, mashine nazo hizo, zinaunguruma. Na mpini wa kukatia umeme wa pipa akaung'oa, eti tunazima ovyo.

Asubuhi hiyo shemeji alichomoa fyuzi za pipa, akafungua boksi la umeme, akanigongea.

"Shemeji, upo?"

"Nipo. Nitaenda wapi?"

"Narudisha vitufe. Sijaomba ruhusa ya mtu."

"Ukifukuzwa, dada yako atanitafuna mzimamzima."

"Ukisagwa atanitafuna mimi. Bora utafunwe wewe."

Nilicheka, lakini mikono iliongeza kasi. Nikasikia bisibisi ikikwaruza, kifuniko kikifungwa, halafu viatu vya Twende-Twende, vile visigino vyenye haraka kuliko mwenyewe.

"Fundi! Fyuzi ziko nje kwa nini? Kwa jirani umeme umesharudi, sasa hivi unafika hapa!"

"Kuna mtu ndani, bosi."

"Atoke! Mtu mzima haoni mlango?"

Kisha nikasikia: tak, tak, tak. Alikuwa anazirudisha fyuzi kwa mkono wake mwenyewe.

Tochi iliniponyoka. Nilirukia kidirisha, kichwa kikapita, mabega yakakwama. Miguu bado ilikuwa katikati ya mapanga. Nilitoa pumzi nijipunguze, nikateleza, nikakwama tena. Umeme ukarudi, taa zikawaka.

Pipa lilinyamaza kimya.

Ng'ambo, mkanda wa kubebea miche ya sabuni ulianza kwenda peke yake, hakuna aliyeugusa. Twende-Twende alikuwa ameweka chupa yake ya chai juu yake. Chupa ikasafiri imekaa wima kama abiria aliyelipa nauli, ikafika mwisho, ikaanguka, ikapasuka.

"Na pipa mbona haliendi?" alifoka.

"Linasubiri kidole, bosi," alisema shemeji.

Nilikuwa nimeshatoka, sabuni mpaka masikioni. Twende-Twende akanigeukia. "Haya, bonyeza hicho cha kijani!"

Nilikitazama. Wanawake wa upakiaji walikuwa wamesogea, mmoja mmoja, na nyuma yao Mshona Magunia, shati lake limefungwa fundo mkono ulipoishia. Ndipo nikaelewa kile ambacho shemeji hakuniambia jikoni: mtambo unaosubiri kidole, unamsubiri na mwenye kidole aamue.

"Sibonyezi," nilisema. "Mpaka mashine zote ziwe na vitufe."

"Basi nitabonyeza mwenyewe!"

Akanyoosha mkono. Sikupanga nilichofanya. Niliingiza mguu pipani, kisha wa pili, kisha yale mabega yaliyonitesa.

"Bonyeza, bosi!" nilipiga kelele kutoka ndani. "Safari hii huwezi kusema uzembe!"

"Tunaona!" alidakia mama mmoja wa upakiaji. "Bonyeza na sisi tuone!"

Kidole kilibaki hewani, karibu kabisa na kile cha kijani. Niliweza kukiona kupitia kidirisha. Kisha kikashuka, kikaenda kujificha mfukoni.

Shemeji hakusubiri kuambiwa. Aliuzima mkanda, akachomoa fyuzi za mkanda huo na kuzitia mfukoni.

"Kaa humo humo, shemeji," aliniita. "Bado mashine tatu za kurudishia vitufe."