Miguu ya Mzee Parsimei

"Oda ya ishirini na tatu, baba! Huyu yuko Mbezi!"

Simoni aliacha kisu kimenasa kwenye tairi. Miaka ishirini na sita alikuwa akitengeneza katambuga, viatu vya matairi, nyuma ya soko la Karatu, na hakuwahi kuuza jozi ishirini na tatu kwa mwezi mzima, sembuse kwa siku tatu. Tena bila mteja kusimama achorwe mguu kwa chaki, kama wafanyavyo watu wenye akili zao. Hawa wa Instagramu walituma namba ya kiatu tu.

"Na mimi nilisema mtandao ni kumaliza bando bure," alikiri, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mwaka mzima alikuwa amembishia binti yake, Sofia, aliyetaka kuuza viatu mtandaoni.

Picha iliyoleta oda zote hizo ilikuwa moja tu. Sofia aliipiga siku mzee Parsimei, mfugaji wa Olbalbal, alipokuja kuchukua jozi mpya. Miguu tu, kuanzia kifundoni: visigino vimepasuka, kidole kidogo cha kushoto hakipo. Simoni ndiye aliyeruhusu. Uso hauonekani, nani atajua ni ya nani? Mzee mwenyewe hawakumwuliza.

Kivuli kikaziba mlango. Alikuwa Parsimei, ameshika simu ya mwanawe.

"Shikamoo, babu," Sofia akainuka.

Mzee hakuitikia, yeye ambaye hata watoto wa chekechea huwaitikia kwa kuwawekea mkono kichwani.

"Simoni, nisomee. Kijana wangu amekataa. Ameona aibu."

Simoni akasoma kimoyomoyo maoni yaliyo chini ya picha. *Hii ni miguu au magome?* *Kiatu kikali, ila mvaaji akaoshwe kwanza.* Waliocheka walikuwa mamia. Siku tatu zote alikuwa akiuliza oda tu, hakuuliza watu wanasema nini. Sofia alikuwa ameinamisha kichwa. Kumbe yeye alijua.

"Wanasema nini?"

"Wanasema viatu ni vizuri, mzee."

"Na mimi?"

Simoni akamrudishia simu.

"Lakini uso haupo, babu," Sofia akajitetea. "Hakuna anayejua ni wewe."

Parsimei alimshangaa kwa dhati. "Mtoto, sisi tunafuata ng'ombe kwa nyayo. Na watu vilevile. Toka Olbalbal mpaka Soitsambu, nani hajui huu mguu? Wakwe zangu wamenipigia simu."

Simoni mwenyewe angeutambua ule mguu kati ya miguu elfu. Ilikuwaje akadhani wenzake mzee hawataujua?

"Futa!" akamfokea Sofia. "Futa sasa hivi, na oda zipotee!"

"Wameshaisambaza, baba." Sauti ya binti ilikatika. "Haifutiki."

Parsimei akavua katambuga zake, akaziweka mezani. Simoni akajua amempoteza, mteja na rafiki kwa pamoja. Lakini mzee hakuondoka. Alirudi nyuma hatua mbili mpaka kwenye mwanga, akaweka shuka vizuri begani.

"Piga nyingine," akamwambia Sofia. "Safari hii upige na macho. Waniseme nikiwatazama."

Sofia akamgeukia baba yake. Simoni akasogea pembeni asizibe mwanga. Binti akaanza kuinua simu taratibu. Kwenye kioo ilionekana miguu, halafu shuka jekundu, halafu kidevu chenye mvi, na bado alikuwa akiiinua.